Susu Hajarogwa, Amekosa Kidonge cha Saa Saba

Wasee, wiki jana mmenitumia ile klipu karibu mara ishirini. Mzee yuko sokoni, anajaribu kulipa sukuma wiki, mkono unatetemeka, sarafu zinamwagika chini, na mtu fulani amemwekea biti ya gengetone ili ionekane mzee anadansi. Juu yake ameandika: "Mzee ako kwa vaibreti." Komenti ni mamia, na zote ni vicheko.

Miaka minne iliyopita ningecheka, siwadanganyi. Lakini huo mkono nimeuona kwa karibu tangu hapo. Najua unavyotulia mwenyewe akilala na kuanza tena akiamka. Nimeushika nikimsaidia kuinua kikombe cha chai. Ni mkono wa susu wangu, mama yake mwaitu, hapa Ikutha.

Sijui huyo mzee wa klipu anaugua nini. Kutetemeka kuna sababu nyingi na mimi si daktari. Hata chuo sikumaliza, hiyo mnajua. Lakini susu ana ugonjwa wa Parkinson, na kuna jambo limenikaa kooni kuhusu huo ugonjwa ambalo lazima niliseme hata kama nitapoteza wafuasi. Parkinson ina dawa. Haiponyeshi, lakini inafanya kazi, na imekuwa ikifanya kazi kwa zaidi ya miaka 50. Wazee wetu wengi wanaoganda kama mti wa mbuyu hapa Ukambani hawagandishwi na ugonjwa peke yake. Wanagandishwa na sisi, tunaowaletea hiyo dawa nusu nusu, kwa kuchelewa, au tusiowaletea kabisa.

Nianze na susu.

Susu anasuka vyondo. Usidhani ni mchezo wa kupitisha wakati. Vyondo vyake ndivyo vilinilipia karo ya sekondari. Kwanza mkono wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Akishika kazi, mkono unatulia kidogo, kwa hivyo hatukujali. Halafu msuko ukaanza kulegea upande mmoja. Siku moja muthokoi ukaungua jikoni yeye akiwa amekaa hapo hapo, hakusikia harufu. Uso ukakauka, wageni wakadhani amewanunia. Hatua zikawa fupi fupi, na mkono wa kulia ukaacha kupepea akitembea.

Tukasema nini? Uzee. Baada ya uzee kukosa kutosha kama jibu, tukasema uoi, yaani uchawi. Na uchawi ukishatajwa lazima mchawi atafutwe. Kulikuwa na ugomvi wa zamani wa mpaka wa shamba na mama jirani, kwa hivyo mchawi alikuwa ameshapatikana kabla hata hatujaenda kwa mundu mue. Tulienda tu kuthibitishiwa. Mbuzi wawili walienda huko. Yule mama jirani, ambaye alikuwa akinipa uji nikitoka shule ya msingi, aliacha kupita mbele ya boma letu. Watoto wake waliitwa watoto wa mchawi kwenye foleni ya maji.

Miaka mitatu ilipita hivyo. Zahanati walimpa dawa za maumivu na vitamini. Mahali pengine walimpa vidonge vya kuongeza damu. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mama, hebu simama, tembea mpaka mlangoni na urudi."

Aliyemwambia hivyo alikuwa afisa wa kliniki kijana, huko mji mwingine tulikokuwa tumeenda kwa shida tofauti kabisa, jino. Alimwangalia susu akitoka kwa benchi, akamwambia atembee. Akamwambia afungue na kufunga vidole haraka. Akaukunja na kuukunjua mkono wake kwenye kiwiko, polepole. Akamwomba aandike jina lake, na herufi zikaanza kubwa zikaishia ndogo kama mchwa. Dakika kumi. Hakuna mashine, hakuna kipimo cha damu. Ugonjwa huu kwa kawaida hugunduliwa hivyo, kwa macho na mikono ya mtu aliyefunzwa. Alituandikia barua ya kwenda kwa daktari mkubwa, na baada ya hapo susu akaanzishiwa dawa inayoitwa levodopa, ikiwa imechanganywa na kabidopa kwenye kidonge kimoja.

Haikuwa muujiza wa siku moja. Alianza na kipimo kidogo, kikapandishwa taratibu. Lakini ndani ya wiki chache susu aliamka, akajifunga leso mwenyewe, akaomba katani yake. Akasuka. Mwaitu alitoka nje akalia nyuma ya choo ili asionekane.

Sasa niambieni, uchawi gani huo unaoondoka kwa kidonge?

Wacha niwaeleze hicho kidonge kinafanya nini, maana nimechoka kuona watu wakiogopa kitu wasichokielewa. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye seli zinazotengeneza kemikali inayoitwa dopamini. Dopamini ndiyo inayosaidia mwendo wako uwe laini, uamue kuinua kikombe na mkono uinuke bila kubishana nawe. Kwenye Parkinson hizo seli zinakufa pole pole, na dalili zinapoonekana nyingi zimeshakufa. Basi si mpe mtu dopamini? Haiwezekani hivyo. Ubongo una ukuta wake, na dopamini ukiimeza haivuki huo ukuta. Levodopa inavuka, na ikishafika ndani, ubongo unaigeuza kuwa dopamini.

Shida ni kwamba levodopa ikisafiri peke yake, nyingi inageuzwa njiani kabla haijafika, na hapo mtu anatapika na kusikia kizunguzungu. Fikirieni punda anayebeba maji kutoka Mto Athi. Ukituma mitungi wazi, kila boma njiani linachota, na kwako kinafika kikombe kimoja. Kabidopa ni kifuniko cha mtungi. Yenyewe haiingii kwenye ubongo, kazi yake ni kuzuia wachotaji wa njiani. Ndiyo maana hizo mbili zinakaa kwenye kidonge kimoja.

Na hii si dawa ya jana. James Parkinson, daktari wa London, aliuelezea ugonjwa huu mwaka 1817. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kwamba dopamini ina kazi yake kwenye ubongo, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Nobel. Mwaka 1961 kule Vienna, Oleh Hornykiewicz na Walther Birkmayer walidunga wagonjwa levodopa na kuona watu waliolala wakiinuka. Mwaka 1967 George Cotzias, huko Marekani, akaonyesha jinsi ya kuitoa kwa mdomo kwa kupandisha kipimo pole pole. Sinemet, ile yenye kabidopa, ilikuwa sokoni Marekani kufikia 1975. Hesabu mwenyewe. Dawa hii ilikuwa kwenye maduka ya ng'ambo wakati susu alikuwa msichana anayejifunza kusuka. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na iko kwenye orodha ya Kenya pia.

Iko kwenye orodha. Kwenye rafu je?

Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kidonge cha susu hakipatikani karibu na nyumbani. Nikipigia maduka ya dawa kuanzia Ikutha mpaka Mutomo, ninaambiwa "jaribu Kitui," na Kitui naambiwa "jaribu Nairobi." Wakati mwingine kinakuja na mtu wa matatu kutoka Kibwezi, kimefungwa kwenye gazeti kama bangi. Na hii si hadithi ya familia yangu pekee. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu dawa za Parkinson hapa Kenya ulikuta kwamba ni ngumu kupatikana na ni ghali kwa mtu wa kawaida. Ukienda ng'ambo ya mpaka, wilaya ya Hai huko Tanzania, chini ya Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya watu zaidi ya 160,000. Matokeo yao ya mwaka 2008 yanasema walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wana ugonjwa gani. Walikuwa wanaishi nao tu. Bila shaka wengine waliitwa wamerogwa.

Najua mtaniambia, "Lakini si hii ni ya wazungu? Michael J. Fox, sijui nani." Muhammad Ali alipigana na George Foreman Kinshasa mwaka 1974, hapa hapa Afrika, na mwaka 1984 akaambiwa ana Parkinson. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 walikuwepo zaidi ya watu milioni 8.5 wenye ugonjwa huu duniani. Unaongezeka umri unavyoongezeka, na wazee wetu wanaishi zaidi kuliko zamani. Hauulizi kabila.

Sasa nije kwa jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya hekima, na ndilo linaloua matumaini kuliko uchawi. "Hiyo dawa usianze mapema. Inaisha nguvu. Wacha mpaka azidiwe." Nimelisikia kwa shangazi, nimelisikia kwa mhubiri, nimelisikia hata kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Lina chembe ya ukweli, ndiyo maana ni hatari. Ni kweli kwamba baada ya miaka, wagonjwa wengi wanaanza kuona kidonge kinaisha nguvu kabla ya kingine kufika, na wengine wanapata mwendo wa kujinyonganyonga usiotakikana. Hilo siwafichi. Ile miondoko ya Michael J. Fox unayoiona kwenye mahojiano kwa kiasi kikubwa ni hiyo, ya dawa na ugonjwa pamoja.

Lakini sababu ni kuanza mapema? Watafiti walilinganisha wagonjwa wa Ghana na wa Italia, wakachapisha mwaka 2014. Wale wa Ghana walianza levodopa wakiwa wamechelewa, wastani wa miaka 4.2 tangu dalili zianze, na wale wa Italia miaka 2.4. Kama kuchelewa kunasaidia, Waghana wangechelewa kupata hayo matatizo. Haikuwa hivyo. Matatizo yalikuja karibu wakati ule ule ukihesabu tangu ugonjwa uanze, hata kama wao walikuwa wameimeza dawa kwa muda mfupi zaidi. Kilichoyaleta zaidi ni muda wa ugonjwa wenyewe pamoja na ukubwa wa kipimo. Mwaka 2019 utafiti mwingine, wa watu 445 huko Uholanzi, uliwaanzisha nusu dawa mara moja na nusu baada ya wiki 40. Mwishoni hali zao zililingana. Levodopa haikuwaharibu wala haikuzuia ugonjwa kuendelea.

Kwa hivyo ukimcheleweshea mzee dawa, humuwekei akiba yoyote. Unamnyima tu ile miaka ambayo angefunga leso mwenyewe. Miaka mitatu ya susu ilienda hivyo, na hakuna kidonge cha kuirudisha.

Dozi hupangwa na daktari, sitawapa namba hapa na mtu akinipa namba kwenye komenti nitaifuta. Lakini kuna mambo ambayo sisi tunaokaa nao nyumbani ndio tunayafanya au kuyaharibu.

La kwanza ni saa. Levodopa haikai mwilini muda mrefu. Nusu yake inaondoka kwenye damu kwa kama saa moja na nusu. Mwanzoni ubongo bado una akiba, hausikii sana. Ugonjwa ukiendelea akiba inaisha, na mtu anaishi kwa ratiba ya kidonge. Kidonge cha susu cha saa saba mchana kikichelewa mpaka saa tisa, saa nane yeye amegandia njia ya kwenda chooni, miguu imeshikwa na ardhi. Sasa kumbukeni nani anaitwa mvivu hapo. Nani anaambiwa "si asubuhi ulikuwa unatembea vizuri, unajifanya." Hajifanyi. Asubuhi dawa ilikuwepo, mchana imeisha.

La pili ni chakula. Protini inagombania mlango mmoja na levodopa, kwenye utumbo na kwenye ule ukuta wa ubongo. Na sisi Kitui tunakula nini? Ndengu. Isyo. Nzuu. Kwa wiki kadhaa tulimpa susu kidonge juu ya sahani ya ndengu tukidhani tunamlinda tumbo, halafu tunashangaa mbona leo hakifanyi. Daktari alituambia tukitoe nusu saa au zaidi kabla ya kula, na kama kichefuchefu kinamsumbua, kiende na kitu chepesi kama ndizi au uji usio na maziwa. Hakutuambia tumnyime ndengu. Mzee akinyimwa ndengu atakonda bure. Ni kupanga saa tu. Na vile vidonge vya kuongeza damu vyenye chuma vinaweza kuishika levodopa isiingie vizuri, kwa hivyo visimezwe pamoja.

La tatu ni dawa nyingine za dukani. Mzee akitapika, mtu wa duka la dawa anampa Plasil haraka haraka. Dawa hiyo inazuia dopamini, yaani inapigana na kile kile unachojaribu kurudisha. Kuna dawa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, zinazofanya vivyo hivyo, na zinaweza hata kumletea mtu asiye na Parkinson dalili kama zake. Ukienda dukani, taja ugonjwa kwanza kabla ya kutaja kutapika.

La nne, tafadhali lisomeni mara mbili. Usimkatize dawa ghafla. Inaweza kumletea ugumu wa mwili, homa kali na kuchanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Dawa zinapunguzwa au kubadilishwa na daktari, pole pole.

Kuna dawa nyingine pia, sitazimaliza. Kuna pramipeksoli na ropiniroli zinazojifanya dopamini. Zinasaidia, lakini baadhi ya watu zinawaamshia tamaa ambayo hawakuwa nayo, ya kununua, ya kula, ya kubeti. Kama mzee wako ameanzishiwa hizo na ghafla simu yake imejaa meseji za kamari na Fuliza, usimtukane. Mpeleke kwa daktari. Kuna benzeksoli, ya zamani, inasaidia mtetemeko lakini kwa wazee inaweza kuleta kuchanganyikiwa na kusahau. Hata levodopa yenyewe inaweza kumfanya mtu aone vitu visivyokuwepo. Ukiona hivyo, sema hospitalini. Usiseme kanisani peke yake.

Sasa nije kwa sehemu ambayo nimeiandika na kuifuta mara tatu.

Mnakumbuka ile poda ya mitishamba? "Inasafisha mishipa, inaondoa kutetemeka, mia kwa mia asili." Mlinunua kwa sababu yangu. Nililipwa. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, ada ya muhula ilikuwa imegeuka kuwa dawa za susu, na kusema ukweli pia nilikuwa nimeanza kufeli hesabu, kwa hivyo msinifanye shujaa. Nilihitaji chapaa. Nikasoma karatasi waliyonitumia mbele ya kamera, nikatabasamu.

Miezi miwili baadaye jamaa mmoja akanipigia kutoka upande wa Makueni. Baba yake alikuwa kwa levodopa. Aliona video yangu, akasema kama hii ni asili basi zile kemikali za nini, akaziacha siku hiyo hiyo. Baada ya siku chache akawa mgumu kama ubao, joto juu, hamjui mtu. Walimkimbiza hospitali. Alirudishiwa dawa, akapona hiyo hali, lakini jamaa aliniambia kutembea kwake hakukurudi kama zamani. Nikaomba msamaha. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa. Lakini uliongea ukiwa na uhakika sana."

Video nilifuta. Pesa nilikuwa nimeshakula.

Na msije mkasema mimi nachukia mitishamba. Ule upupu mliokuwa mnawekeana kwa vitanda sekondari, mbegu zake zina levodopa ya kweli. Wahindi waliutumia kwa mitetemeko muda mrefu kabla ya maabara. Levodopa yenyewe Markus Guggenheim aliipata kwenye maharagwe aina ya baakla mwaka 1913. Watafiti wamejaribu unga wa upupu kwa wagonjwa wasio na uwezo wa kununua vidonge, na wakaona nguvu yake ni ya kweli. Lakini walipima kila gramu, na madaktari walikuwa hapo. Wewe ukichuma upupu nyuma ya nyumba hujui mbegu ina kiasi gani, haina kile kifuniko cha kabidopa, na ukiuongeza juu ya vidonge unamzidishia mzee dozi gizani. Anayekuuzia poda bila kukuambia kilichomo anakuuzia bahati nasibu, na mzee wako ndiye tiketi.

Kwa hivyo nawalaumu nani? Nilianza nikitaka kuilaumu serikali peke yake, maana ni rahisi na inapata likes. Na inastahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Afya iko mikononi mwa kaunti tangu 2013. NHIF imeondoka, SHA imeingia Oktoba 2024, majina yanabadilika na rafu ni ile ile. Mtu akiniambia kidonge cha miaka hamsini hakiwezi kukaa kwenye hospitali ya kaunti ndogo, simuelewi. Hatujaomba upasuaji wa ubongo. Tumeomba kidonge, na mtu mmoja aliyefunzwa kumwambia mzee, "Hebu tembea mpaka mlangoni."

Lakini ni nani alimwambia kaunti? Mimi nimekaa Ikutha maisha yangu yote na sijawahi kuingia kwenye kikao cha bajeti hata kimoja. Wewe je? Vikao vikiitishwa wanaenda wazee kumi, wanaomba barabara na kisima, na ni haki yao. Hakuna anayesimama kusema levodopa, kwa sababu anayeihitaji hawezi kusimama. Kila mwaka makadirio ya bajeti yanatakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Tarehe 11 Aprili ni Siku ya Parkinson Duniani. Kati ya hizo tarehe mbili kuna nafasi ya kupiga kelele yenye maana. Tuandike barua moja, tuitie sahihi, tuulize swali moja tu: levodopa na kabidopa ziko kwenye oda ya KEMSA ya hospitali zetu, ndiyo au hapana? Nitaisoma laivu, nao wanaweza kujibu laivu. Mwaka huu mimi niko kwenye kikao. Atakayekuja nami aniandikie.

Na kabla ya Aprili, kuna kitu hakihitaji kaunti. Una simu. Inakukumbusha mechi, inakukumbusha deni, inakukumbusha mtu fulani amepost. Weka alamu za dawa za mzee wako. Kama uko Nairobi na yeye yuko kijijini, piga saa hiyo, mwambie, "Susu, meza sasa, niko kwa laini." Hesabu vidonge vilivyobaki ukiwa na wiki mbili mkononi, usingoje kimoja kibaki. Tulipokuwa tumeishiwa pesa nilikuwa namkatia susu kidonge nusu ili kifike mwisho wa mwezi, nikijiambia nusu ni bora kuliko sufuri. Hakuna aliyeniambia nipige simu hospitalini kwanza. Alianguka mara mbili mwezi huo. Mkono wake wa kushoto bado haukunji vizuri.

Na kuna deni lingine. Mwezi uliopita susu alimaliza kiondo, cha kwanza baada ya muda mrefu. Msuko haukunyooka, upande mmoja umevimba. Akaniambia nimshike mkono twende kwa mama jirani. Ni mwendo wa dakika tano, ulituchukua kama nusu saa, maana tulitoka dawa ikiwa inaanza kushika. Mama jirani alisimama mlangoni bila kusema karibu. Susu akampa kiondo, akasema kwa ile sauti yake ndogo iliyobaki, "Nilikuwa mgonjwa. Haikuwa wewe." Mama alikipokea, akakigeuza geuza, akaingia ndani. Alirudi na viti viwili.

Sitaki niwaambie wamesameheana, sijui. Nilichoona ni viti viwili.

Hiyo klipu ya mzee wa sokoni msiisambaze tena. Mkimpata huyo mzee, mwulizeni kama ameshawahi kuona daktari. Sasa alamu yangu inalia, ni saa saba kasoro, naenda kumpa susu kidonge kabla ndengu haijaiva. Komenti ziko wazi. Atakayeandika "huo ni uchawi," aandike pia ni dawa gani alijaribu kwanza.